Mume Wangu Anataka Binti Yetu Ajifunze Kuogelea Pale Alipozama Kaka Yake

Bi Hajira, shikamoo, na kama mimi ndiye niliyekuzidi umri basi unisamehe, sura yako sijawahi kuiona, nakujua kwa ukurasa wako wa gazeti tu, ambao huku kwetu Machame hunifikia ukiwa umefungiwa nyama, nami huukunjua nikausoma hivyo hivyo na damu yake, kwa hiyo leo nimeona yangu niyalete kwako, maana nikimwambia jirani yatafika kwa mama mkwe kabla mimi sijafika nyumbani. Majina yote humu nimeyabadilisha, tafadhali usinitafute.

Nina watoto wawili, Lucky na Eliona. Nikisema wawili nakosea, kwa sababu Lucky tulimzika wakati wa Krismasi iliyopita, lakini mdomo haujazoea kusema mmoja, nikiulizwa natoa jibu lile lile la zamani kisha nakumbuka, na aliyeniuliza anaona uso wangu anajuta kuuliza.

Mume wangu, nimwite Eliufoo, ndiye mwenyekiti wa mfereji wetu, unaotoka mtoni huko juu ukapita kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba, vya watu wote wa kijiji, yeye ndiye anayepanga zamu, ndiye anayefunga nduwa jioni, lile bwawa dogo la udongo tunalokusanyia maji, na ndiye anayelifungua asubuhi, na watu wanamheshimu kwa sababu akisimama tu uani anasikia mfereji umepasukia wapi. Naomba uelewe kwamba sisi huku maji tunayapima kwa masikio, Bi Hajira, mto uko bondeni unanguruma juu ya mawe, na mtoto akianza tu kutembea anaambiwa yakinguruma usisogee, yakiwa kimya unaruhusiwa, chota, nawa miguu, nywesha mbuzi, hivyo ndivyo mama yangu alivyonifundisha na hivyo ndivyo nilivyowafundisha wangu. Kuogelea hakuna anayejua, tungeogelea wapi, kwenye mfereji unaokufika kwenye shavu la mguu?

Sasa Krismasi ukoo wote ulirudi nyumbani kama ilivyo kawaida yetu, na shemeji yangu Theodory, mdogo wake mume wangu, akaja kutoka Dar na pikapu, akasema mwaka huu tusikae tu tunakunywa mbege na kusikiliza wazee wakilalamika bei ya kahawa, wanunuzi binafsi wamekuja na bei bado ni ile ile, twende tukatembee chini tambarare, njia ya Kahe, kuna chemchemi nzuri watu wanakwenda kuogelea siku hizi, watoto wafurahi. Basi siku ya pili ya Krismasi tukapanda wote, machalari ya ndizi na nyama kwenye masufuria, mbege kwenye dumu, tunaimba.

Tulipofika tukakuta upande mmoja akina mama wa kule wanafua, watoto wao wanaogeshwa na kurukaruka, povu la sabuni limetanda, ng'ombe wanakunywa chini kidogo, na mume wangu akasema hapa pachafu na kelele tupu, akatuzungusha mpaka ng'ambo chini ya mikuyu mikubwa ambako hapakuwa na mtu hata mmoja. Maji yalikuwa maangavu, Bi Hajira, unaona kila jiwe, unaona majani yaliyolala chini, unaona mpaka samaki, na kimya kabisa. Mume wangu akasimama juu ya mizizi, akainua kidole kama anavyofanya kwenye mkutano wa mfereji, akasema, "Sikilizeni. Mnasikia kitu? Maji haya yamelala. Haya ni ya magotini tu." Kisha akamwambia Lucky, "Shuka, baba."

Lucky akakunja suruali asije akailowesha. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo, kwamba alikunja suruali.

Akashuka kama mtu anayeshuka ngazi na hapakuwa na ngazi, akazama mzima mzima, kikatokea kichwa, akatutazama kama mtu aliyeulizwa swali asilolielewa, akazama tena. Tulikuwa watu wazima wengi pale na hakuna aliyejua kuogelea. Mume wangu akavua mkanda akaurusha, akawa anapiga kelele kwa Kichagga, "Simama! Simama wima!", maana kwenye nduwa ukisimama umepona, na mimi pia nikapiga kelele hiyo hiyo, simama mwanangu, simama, wakati pale chini hapakuwa na pa kusimama. Kijana mmoja aliyekuwa anaosha baiskeli upande wa wale akina mama ndiye aliyejitupa majini akaogelea akamtoa, lakini Lucky alikuwa ameshakwenda. Tukarudi mlimani na pikapu ile ile, mtoto amelazwa katikati ya masufuria ya machalari ambayo hakuna aliyeyagusa, na nilipofika nyumbani nikaambiwa na mama mkwe nijikaze, wageni wanakuja.

Tulimzika kihambani. Mume wangu hakulia mbele ya watu, alichimba na vijana, akafukia na vijana, na siku ya kuondoa matanga akasimama mbele ya ukoo akasema mtoto wake alikufa kwa kutojua kuogelea, na kwamba mtoto aliyebaki atajua, na atajifunzia pale pale kwenye mikuyu, Jumatatu ya Pasaka, kwa sababu maji hayawezi kumshinda yeye mara mbili. Wakampigia makofi, Bi Hajira. Wazee wakasema huyo ndiye mwanaume, na Theodory akaahidi kurudi na pikapu.

Eliona ana miaka kumi na miwili, yuko mafundisho ya kipaimara, ni mtoto mtiifu mpaka inatia huruma. Juzi mchana nimerudi na majani ya ng'ombe nikamkuta nyuma ya jiko ameinamia karai la kufulia, uso wote ndani ya maji, hatikisiki, nikatupa majani nikapiga ukunga, nikamvuta kwa nywele. Akatoa uso akiwa anahema, akasema, "Mama, baba amesema nizoee." Nikamwuliza kama anataka kwenda kule, akaniambia, "Nikijua kuogelea, baba ataanza kula." Ni kweli baba yake hali, chakula anakisogeza tu kwenye sahani, suruali zake zote sasa anazifunga kamba, na usiku nikinyoosha mkono nakuta amekaa.

Nimemwambia sitaki mtoto aende. Ananiuliza, "Kwani unataka naye afe kama kaka yake?" na hapo ananiweza, kwa sababu Lucky angejua kuogelea leo angekuwa hapa, na mimi nataka Eliona ajue, nataka kweli, ila siyo kwenye mizizi ile ya mikuyu. Mama mkwe amesema nimwache mume wangu amalize msiba kwa njia yake, mchungaji ameniambia tuombe. Nimefikiria Jumamosi kabla ya Pasaka nimchukue mtoto nikimbilie kwa mama yangu Masama, lakini nitakuwa nimemwaibisha mume wangu mbele ya ukoo mzima wakati bado ana kidonda, na kwetu mke akifanya hivyo hasahauliwi. Je, nimfiche mtoto, au nimwachie Mungu na baba yake? Nisaidie dada yangu, siku zinakwenda.

Mama Eliona,
Machame

Bi Hajira anajibu

Mama Eliona, pole. Pole sana, mdogo wangu. Nilipofika kwenye suruali iliyokunjwa niliiweka barua chini nikatoka nje, nikarudi baadaye.

Sasa futa machozi nikugombeze kidogo, kisha tushike kazi.

Umeniuliza umfiche mtoto au umwachie Mungu na baba yake. Mungu umwache mahali pake. Mungu hakuchagua lile bwawa la chemchemi, alilichagua mtu aliyekuwa hajui kuogelea, na anataka kulichagua tena, na bado hajui kuogelea. Hapo ndipo pa kuanzia. Barua yako yote imejaa habari za mtoto kujifunza, lakini hukuniandikia mahali popote nani atamfundisha. Mumeo? Theodory? Wazee waliopiga makofi? Eliona akiteleza Jumatatu hiyo, nani ataruka? Mtasimama tena juu ya mizizi mkimwambia asimame.

Mimi ni mtoto wa mjini hapa, lakini nimelelewa na bibi yangu Kahe, na kuogelea nilijua kabla sijang'oka meno ya utoto. Basi nisikilize, nawe umsomee mumeo maneno haya kama yalivyo, akasirike na mimi, mimi sina hasara.

Nyie watu wa mlimani mnajua maji, sikatai. Mfereji mnaoupitisha kwenye ubavu wa korongo sisi wa chini hatuuwezi. Lakini masikio yenu ni ya huko huko juu. Maji yenu hupiga kelele kwa sababu ni machache na yanagonga mawe. Ya kwetu yananyamaza kwa sababu hayagusi kitu, ni marefu. Na maji ya chemchemi yakiwa maangavu hivyo, chini kunapanda machoni pako, unaona jiwe kama la kuokota kumbe lina kina cha watu wawili juu yake. Mumeo hakuwa mjinga. Alisoma maji ya ugenini kwa lugha ya nyumbani, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Ila watu walikuwepo! Hili linanikera mpaka sasa. Mliwakuta akina mama wa pale na watoto wao, mkaona povu la sabuni, mkageuza pua. Mama wa Kahe hamwogeshi mwanawe mahali asipopajua. Pale penye makelele na ng'ombe ndipo mahali pa mtu asiyejua, maji yanamfika mtoto kiunoni na chini ni mchanga. Na kule kwenye mikuyu hamkukuta mtu. Sikukuu, jua kali, kivuli kizuri kama kile, na hakuna mtu hata mmoja. Siku nyingine mkikuta hivyo mjiulize wenyeji wamekwenda wapi. Salimieni, ulizeni, hamtapungukiwa kitu.

Tena mnataka kwenda Pasaka. Masika yote! Bwawa mliloliona Krismasi na la mwezi wa nne ni mabwawa mawili tofauti. Mto ukijaa unaingilia chemchemi, maji yanakuwa tope, na pale yanapotokea huwa yanavuta miguu. Mimi mwenyewe na ujuzi wangu siingii kule mwezi wa nne, na ukiniona naingia ujue nimechoka kuishi.

Kwa hiyo Pasaka hamwendi. Hilo halina mjadala.

Lakini mumeo ana haki kwenye jambo moja na usimnyang'anye: mtoto lazima ajue. Kinachotakiwa ni maji ya kiwango chake, na yeye kiwango chake ni cha mwanzo kabisa, hata kuelea hajui. Maji huchaguliwa kwa kumtazama yule dhaifu kuliko wote mtakaokwenda nao. Asiyejua kitu anaanzia mahali ambapo akiogopa anasimama na kichwa kiko nje. Chini pawe pamepimwa kwa mti mrefu, hatua kwa hatua, macho yasipewe kazi hiyo. Pa kutokea pajulikane kabla ya pa kuingilia. Na awepo mtu anayeogelea ambaye yuko ndani ya maji, maana aliye ukingoni na mkanda mkononi ni mtazamaji tu.

Sasa, mahali hapo mnapo. Iko nduwa. Ni maji pekee duniani ambayo mumeo anaweza kuyaamuru na yakamtii. Masika hii mvua inamwagilia yenyewe, hakuna atakayelilia zamu yake. Aombe ruhusa kwa wenzake wa mfereji, maana maji ni ya wote, wakubaliane siku na saa. Mchana jua likiwa juu, afunge nduwa mpaka maji yamfike Eliona kitovuni basi. Kisha aingie yeye kwanza. Nasema yeye, mwenyekiti, avue viatu, aingie, akae chini ya maji atie uso, anyanyuke, atetemeke kwa baridi mbele ya mtoto wake. Wajifunze pamoja kutia uso, kupuliza mapovu, kulala chali mmoja akimshika mwenzake mgongo. Dakika chache, watoke, waote moto. Hakuna kuzamishana wala kujipima pumzi. Na lile karai lifunikwe, mtoto asitie uso kwenye maji tena akiwa peke yake, hata ya kikombe.

Masika yakiisha, maji yakitulia, niandikie. Nina mtoto wa dada yangu, Sophia, yuko Kahe, amefundisha watoto wengi wa pale. Atawapokea upande wa akina mama, penye sabuni, na atakuwa majini nao. Mwaka huu kwenye mikuyu haendi mtu, na mwaka ujao pia, mpaka Sophia aseme. Na kama Eliona hataki kabisa kufika Kahe, basi aishie nduwa. Hakuna mtihani.

Sasa yule mtoto. Mama Eliona, ulipoandika maneno yake, kwamba akijua kuogelea baba ataanza kula, uliendelea na sentensi nyingine kana kwamba amesema ameishiwa daftari. Mimi nilishindwa kuendelea. Mtoto wa miaka kumi na miwili amejitwika kumponya mtu mzima, na yuko tayari kuingia kwenye maji yaliyomuua kaka yake ili baba ale. Hii siyo habari ya kuogelea tena. Leo hii, kabla hajaanza kazi za jioni, mkalishe umwambie: kula kwa baba siyo kazi yako. Mwambie kwa maneno hayo hayo, na umrudie kesho, kwa sababu mara ya kwanza hataamini.

Na mumeo pia usimwendee na lawama, ameshajilaumu mpaka suruali inafungwa kamba. Usimsemeshe mbele ya mama yake wala mbele ya Theodory, mwanaume aliyepigiwa makofi hawezi kurudi nyuma mbele ya waliompigia. Mfuate kwenye mfereji, mkiwa wawili, umwambie, "Baba Eliona, sote tulimwambia asimame." Kisha unyamaze. Usimtetee, usimshauri, kaa naye. Akipiga kelele, kaa. Akilia, kaa. Nadhani tangu siku ile hakuna aliyemwambia kwamba na wewe ulikuwa pale ukipiga kelele ile ile, na anafikiri yuko peke yake kwenye lile neno. Habari ya nduwa umwambie siku inayofuata.

Mchungaji mrudie umshukuru kwa maombi, halafu umwombe aende kwa wale wazee, awaambie warudishe makofi yao. Hiyo ni kazi anayoiweza.

Huenda yote haya yakafanya kazi. Huenda yasifanye, nami sitakudanganya. Kama ikifika wiki ya Pasaka na mumeo bado anasema mikuyu, usingoje Jumamosi. Nenda Masama na Eliona mapema, kweupe, umwage shikamoo kwa kila mzee njiani, bila kujificha. Na ikiwa umechelewa, pikapu imeshafika na anamshika mtoto mkono, usianze kueleza habari za kina na mikondo. Simama mlangoni. Watasema umemdharau mumeo, watasema msiba umekupanda kichwani, mama mkwe ataangua kilio uani. Waache waseme. Mke mkaidi mwenye mtoto hai ana maisha yake yote ya kuomba radhi, na ukitaka wa kukusindikiza siku ya kwenda kuiomba, nitapanda Machame mwenyewe.